Tarehe ya Kopo na Mahindi Yasiyo na Tarehe

Katika nyumba nyingi za wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, chakula cha akiba hukaa mahali pawili. Mahali pa kwanza ni kabati au rafu ya jikoni, penye kopo la samaki, pakiti ya tambi, maziwa ya unga, chumvi na chupa ya mafuta ya kupikia. Mahali pa pili ni stoo au pembe ya chumba, penye gunia la mahindi, debe la maharage, karanga na makopa ya muhogo. Vyakula vya kabatini vimepigwa chapa ya tarehe. Vya guniani havina chapa yoyote. Inapogundulika kwamba tarehe ya kopo imepita, aghalabu nyumba nzima huingiwa na hofu, na kopo hutupwa baada ya ubishi mrefu. Lakini mahindi yaliyoota ukungu hupepetwa, huoshwa, husagwa na kusongwa ugali pasipo mtu kuuliza neno. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hofu hiyo imewekwa mahali pasipo pake, na kwamba shule za sekondari zina wajibu wa kuirekebisha.

Tarehe ni ahadi ya nani?

Yafaa kwanza ieleweke tarehe hiyo ni kitu gani. Chakula hakina saa ndani yake inayolia usiku wa manane wa siku iliyoandikwa. Tarehe ni ahadi ya mtengenezaji: kwamba bidhaa yake, ikitunzwa kama alivyoagiza, itabaki na ladha, rangi na virutubisho vyake hadi siku hiyo.

Ahadi hizo ni za aina mbili. Aina ya kwanza husema kwamba chakula ni bora kikitumika kabla ya siku fulani. Hiyo ni ahadi ya ubora. Siku ikipita, biskuti huenda zikalegea na chai ikapoteza harufu, lakini haina maana kwamba zimegeuka sumu. Aina ya pili hutaja mwisho wa matumizi, nayo huwekwa hasa kwenye vyakula vinavyoharibika upesi, kama vile maziwa freshi na nyama. Hiyo ni ahadi ya usalama, na haifai kufanyiwa mzaha. Baraza la kimataifa la viwango vya chakula, lijulikanalo kwa jina la Codex, limekubali hata kwamba baadhi ya vyakula havihitaji tarehe kabisa. Miongoni mwa hivyo ni siki, sukari ya chenga na chumvi isiyotiwa madini joto.

Kuna jambo jingine ambalo tarehe haiwezi kulisema. Bidhaa nyingi za viwandani zinazouzwa Ngara na Biharamulo husafirishwa kwa lori kutoka Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, kupitia Kahama na Nyakanazi. Mtengenezaji hakuhesabu siku ambazo katoni ilikaa chini ya turubai juani, wala hakujua kwamba paa la ghala la mfanyabiashara linavuja. Kwa hiyo tarehe inaweza kumpotosha msomaji wake kwa njia mbili: chakula chaweza kuwa kizima baada ya siku iliyoandikwa, na vilevile chaweza kuwa kimeharibika kabla yake.

Maelezo haya si ruhusa kwa mwenye duka. Anayeuza humwuzia mtu asiyemjua na asiyejua bidhaa ilihifadhiwa vipi. Ndiyo maana wakaguzi huziondoa madukani bidhaa zilizopita muda na kuziteketeza. Tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia usalama wa chakula nchini iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililoipokea kutoka kwa iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA). Ukaguzi huo ni wa lazima. Linalojadiliwa hapa ni hukumu anayoitoa mtu jikoni mwake juu ya chakula alichokinunua kihalali kikapitwa na wakati kabatini.

Ushahidi wa makopo

Chakula huharibiwa na mambo makuu manne: vijidudu, maji, hewa ya oksijeni na joto. Mwenye kuyazuia hayo huzuia uharibifu, iwe tarehe imepita au haijapita. Kopo ni mfano bora wa kanuni hiyo. Mwaka 1810 Mfaransa Nicolas Appert alieleza katika kitabu jinsi ya kuhifadhi chakula kwa kukifunga ndani ya chupa na kuichemsha. Mwaka huohuo Peter Durand alipata hataza ya kopo la bati huko Uingereza. Sababu ya njia hiyo kufaulu haikujulikana hadi Louis Pasteur alipoonyesha, katika miaka ya 1860, kwamba uozo huletwa na vijidudu. Siku hizi makopo ya nyama, samaki na maharage hutiwa joto la nyuzi 121 za Sentigredi kwa muda uliopimwa ili kuua hata mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambazo hazifi katika maji yanayochemka.

Kuna jaribio moja la historia ambalo kila mwalimu wa sayansi angefaa kulisimulia darasani. Mwaka 1865 meli iliyoitwa Bertrand ilizama katika mto Missouri, Marekani, ikiwa na shehena ya vyakula vya kopo. Mabaki yake yalifukuliwa miaka ya 1968 na 1969, na mwaka 1974 wanakemia walivipima baadhi ya vyakula hivyo, vikiwamo nyanya, chaza na matunda. Miaka 109 ilikuwa imepita. Sura na harufu zilikuwa zimefifia, na vitamini A na C zilikuwa zimepungua sana. Lakini protini ilikuwapo kwa sehemu kubwa, na hapakuonekana bakteria waliokua ndani yake. Mtu hashauriwi kula chakula cha umri huo. Anashauriwa tu kuelewa kwamba kopo lisiloingiza hewa haliwi sumu kwa kupita kwa miezi.

Kinyume chake, kopo likipoteza uzima wake, tarehe haiwezi kuliokoa. Kopo lililovimba, linalovuja, lenye kutu iliyolila bati, au lililobonyea kwenye maungio yake litupwe bila kuonjwa, hata kama tarehe yake ni ya mwaka ujao. Sumu ya Clostridium botulinum huweza kuua kwa kiasi kidogo mno, na wakati mwingine haina harufu wala ladha ya kumwonya mlaji. Hali kadhalika, kopo lililokwisha kufunguliwa si kopo tena. Katika nyumba isiyo na jokofu, kilichomo kiliwe siku hiyohiyo.

Si kila chakula cha kabati ni sawa

Vyakula vingine vya kabatini hutofautiana kwa tabia, na kuvitia wote katika kanuni moja ni kosa. Sukari, chumvi na asali havitoi maji ya kutosha kwa vijidudu kukua, kwa hiyo hukaa miaka mingi. Ila chumvi iliyotiwa madini joto hupungukiwa na madini hayo polepole, hasa ikikaa wazi katika unyevu. Mchele mkavu hukaa muda mrefu ukikingwa na wadudu. Maharage nayo hukaa, lakini yakiwekwa kwa miezi mingi katika joto na unyevu huwa magumu, yakapikwa kutwa bila kuiva na kumaliza kuni za mwenye nyumba. Hapo hasara ni ya kuni na ya muda, si ya uhai.

Mafuta ya kupikia na vyakula vyenye mafuta huharibiwa na oksijeni na mwanga. Dalili yake ni ule ukakasi unaokera koo na harufu ya mafuta ya zamani. Ndiyo sababu unga wa dona, ambao umesagwa pamoja na kiini cha mahindi chenye mafuta, huchacha mapema kuliko sembe, ingawa dona ina lishe zaidi.

Kuna kundi moja ambalo tarehe yake iheshimiwe bila majadiliano: maziwa ya unga na vyakula vingine vya watoto wachanga. Mtoto wa miezi michache hana chakula kingine cha kufidia vitamini zilizopotea, wala hana nguvu za mwili za kupambana na vijidudu.

Chakula kisicho na tarehe

Sasa na tulifikie gunia. Mwaka 1960, nchini Uingereza, zaidi ya batamzinga 100,000 walikufa kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ulionyesha kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyotoka Brazili, na kwamba mashudu hayo yalikuwa yameota kuvu aina ya Aspergillus flavus. Sumu iliyotengenezwa na kuvu hiyo ikaitwa aflatoksini. Kwa Kiswahili sumu za namna hiyo zimepewa jina zuri na fupi: sumukuvu.

Msiba huo haukukomea kwa ndege wa Ulaya. Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na maeneo jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi ya mashamba yao wenyewe yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Mwaka 2016 zamu ilikuwa ya Tanzania: katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafariki. Chakula kilichowaua watu hao hakikutoka dukani wala hakikuwa na tarehe iliyopita. Kilikuwa chakula cha nyumbani, kilicholimwa na kuvunwa na walaji wenyewe.

Vifo hivyo havikutokea Kagera, na yafaa hilo lisemwe wazi. Lakini hali za Ngara na Biharamulo zina mambo matatu yanayotaka tahadhari.

Kwanza, kwa vizazi vingi ghala kuu la sehemu kubwa ya Kagera lilikuwa shamba la migomba lenyewe. Mkungu hukatwa ukihitajiwa na kuliwa siku hiyo au kesho yake. Hauhitaji gunia, dawa ya wadudu wala kipimo cha unyevu. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani katika miaka ya 2000, kaya nyingi zililazimika kutegemea zaidi mahindi na muhogo. Nafaka na makopa ni vyakula vya kuwekwa. Vinadai elimu ya uhifadhi ambayo ndizi haikuidai.

Pili, mvua za mkoa huu huja kwa misimu miwili. Mahindi ya vuli huvunwa karibu na Januari na Februari, na masika huanza mwezi wa Machi. Muda wa jua katikati ni mfupi, na mkulima mwenye haraka huingiza ndani mahindi ambayo nje yanaonekana makavu, kumbe ndani ya punje maji bado yamo.

Tatu, wilaya hizi ziko kwenye njia kuu ya chakula kiendacho mbali. Watu wa Ngara wanakumbuka mwisho wa Aprili 1994, wakati wakimbizi zaidi ya 200,000 kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi na kukusanyika Benako. Mahindi, maharage na mafuta ya msaada yaliletwa kwa wingi, na sehemu yake ikauzwa au kubadilishwa kwa ndizi za wenyeji. Wakimbizi hao wengi walirudi kwao Desemba 1996, lakini biashara ya nafaka kupitia Rusumo na Kabanga ingali ipo. Gunia linalonunuliwa sokoni huenda limebadilisha mikono mara nne, na hakuna maandishi yanayoonyesha lilivunwa lini, wapi, wala lilianikwa siku ngapi.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimeweka kikomo cha aflatoksini katika mahindi kuwa maikrogramu 10 kwa kila kilo. Mwanafunzi aifanye hesabu hiyo: ni miligramu 1 tu katika gunia la kilo 100. Kiasi hicho hakionekani kwa jicho wala hakisikiki kwa ulimi.

Hoja za wanaopinga

Hoja ya kwanza husema kwamba moto huua kila kitu. Moto huua kuvu, kweli, lakini hauondoi sumu ambayo kuvu imekwisha kuiacha ndani ya punje. Aflatoksini hustahimili joto kali kuliko lile la maji yanayochemka, na ugali, uji au pombe ya kienyeji iliyotengenezwa kwa mahindi hayo hubaki na sehemu kubwa ya sumu yake.

Hoja ya pili ni kwamba wazee walikula mahindi ya namna hiyo wasife. Sumukuvu kwa kawaida haiui kwa siku moja. Kiasi kidogo kinacholiwa mwaka baada ya mwaka hudhuru ini, na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka aflatoksini katika kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mtu mwenye homa ya ini aina ya B yumo katika hatari kubwa zaidi. Mtu akifariki kwa ugonjwa wa ini akiwa na miaka hamsini, hakuna atakayeukumbuka ugali wa utotoni mwake.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko zote: mtu maskini hawezi kutupa chakula. Mtaalamu anayemwambia mkulima amwage gunia zima bila kumwonyesha njia nyingine hasemi na mkulima huyo bali na karatasi zake. Lakini njia nyingine zipo. Kuchambua kwa mkono na kuondoa punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizotobolewa na wadudu hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa sumu nyingi hukusanyika katika punje chache. Punje zilizoondolewa zisipewe kuku wala ng'ombe. Kuku hudhurika nazo, na ng'ombe huirudisha sumu hiyo katika maziwa. Bora zaidi ni kuzuia mapema: kuanika mahindi juu ya turubai au kichanja badala ya udongo mtupu, kuweka magunia juu ya mbao mbali na ukuta, na kutumia mifuko isiyopitisha hewa. Katika mifuko hiyo wadudu hukosa oksijeni na kufa bila dawa, mradi nafaka iwe imekauka kabla ya kufungwa.

Kazi ya shule

Shule ya sekondari inayo nafasi ambayo ofisi ya serikali haina: wanafunzi wake hurudi nyumbani, nao husikilizwa wanapoonyesha jambo kwa macho. Jaribio lifuatalo halihitaji maabara.

Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia ndani mahindi kiasi cha robo kilo na vijiko viwili au vitatu vya chumvi iliyokaushwa vizuri juani au karibu na moto. Funga, tikisa kwa dakika moja, kisha acha itulie kwa dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, unyevu wa mahindi umezidi asilimia 15 na hayafai kuwekwa. Isiposhika, yamefika chini ya kiasi hicho. Lakini kwa kuwa kiwango cha hifadhi ni asilimia 13.5, yaongezewe jua kidogo. Mwanafunzi akilifanya jaribio hili kwa mahindi ya shule na kwa mahindi ya nyumbani kwao, atakuwa amejifunza kemia, hesabu na afya kwa pamoja.

Pendekezo la mwisho ni jepesi na gharama yake ni kalamu ya wino mzito. Kila gunia linaloingia katika stoo ya shule liandikwe siku mahindi yalipovunwa au kununuliwa, mahali yalikotoka, na siku yalipopimwa kwa chumvi. Gunia la zamani litumike kabla ya jipya. Daftari la stoo likaguliwe na wanafunzi wenyewe kila mwezi, na desturi hiyo ipelekwe vijijini, toka Rulenge hadi Nyakahura. Kiwanda kimeona umuhimu wa kuandika tarehe juu ya samaki waliokwisha kupikwa na kufungwa ndani ya bati. Hakuna sababu ya kuyanyima tarehe mahindi ambayo yako wazi kwa maji, wadudu na kuvu.

Basi kopo lililopita tarehe lisitupwe kwa hofu wala lisiliwe kwa ujasiri mtupu. Liangaliwe kwanza: limevimba? Limetoboka? Ni la chakula gani, nani atakayekila, na lilikaa wapi? Mtu aliyezoea kuliuliza kopo maswali hayo atajikuta siku moja akiliuliza gunia maswali hayohayo, na huko ndiko yanakohitajiwa zaidi.